Kijana anataka kuunda kompyuta kwa hela ya kikoba. Nimkubalie?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda, Morogoro. Nashona sare za shule hapa nyumbani. Chumba cha mbele nimekifanya karakana, nina vyerehani vitatu na binti mmoja wa kunisaidia. Mwezi uliopita tulivunja kikoba, fungu langu likawa shilingi 1,800,000. Hela hiyo nimeipangia kompyuta ya nyumbani, na nikikosea hapa ni kusubiri mzunguko mwingine, yaani mwaka mzima.

Kazi zake ni hizi. Mimi naandika vipimo vya wanafunzi na ankara za shule, na nataka nianze kuchora mwenyewe nembo za kudarizi, maana sasa kila nembo mpya nalipia mjini. Mdogo yuko kidato cha pili, anasoma kwa video na mitihani iliyopita. Mkubwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Huyu amejifunza kuhariri video, na ameshahariri sendofu mbili kwa laptopu ya kuazima.

Sasa nyumba imegawanyika. Mkubwa anasema tusinunue, tuunde. Ameangalia video za mafundi mpaka bando linaisha, na ameniandikia orodha kwenye daftari: prosesa Ryzen 5 5600, 420,000, madabodi, 390,000, RAM ya GB 16, 160,000, SSD ya TB 1, 220,000, kasha pamoja na pawa saplai yake, 190,000, feni za taa, 70,000, kibodi na mausi za taa, 90,000. Jumla 1,540,000. Kadi ya grafiksi anasema tutaongeza baadaye, na badala ya monita tutaanza na TV ya sebuleni.

Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, anafanya biashara Kariakoo. Yeye anasema niachane na habari za kuunda, nichukue Dell OptiPlex 7060 zilizotoka maofisini nje, prosesa i5-8500, RAM GB 16. Ile nyembamba ameambiwa 550,000, ile ndefu ya mnara 650,000, na monita iliyotumika ya inchi 22 ni 150,000. Baba watoto naye anataka laptopu mpya ya dukani, ya 900,000. Anasema mpya ni mpya.

Hofu yangu ina sababu. Mwaka juzi nilinunua laptopu kwenye duka moja, wakaniambia waranti ni mwaka mzima. Mwezi wa tano ikazima. Nilipoirudisha, wakasema umeme wa nyumbani kwangu ndio umeiua, waranti haihusiki. Ipo juu ya kabati mpaka leo.

Lakini kuna jambo jingine. Ni mara ya kwanza namwona mwanangu anakaa na jambo moja wiki nne mfululizo, anauliza bei, anafuta, anaandika upya. Nikimkatalia naogopa nitamvunja moyo. Nikimkubalia ikashindikana, hela ya kikoba ndiyo imekwenda. Nifanyeje, na yeye nimwambieje?

Mama wa Sare, Kihonda

*

Dada yangu wa Kihonda,

Nunua. Chukua ile Dell ya mnara ya 650,000, na bisibisi mkabidhi kijana. Naomba jibu hili ulisome ukiwa naye, kwa sababu orodha yake ni kazi ya mtu aliyehangaika, na inastahili kujibiwa kifaa kwa kifaa.

Nianze na neno ulilolipitia haraka: anasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Muhula wa kidato cha tano huanza Julai, na shule nyingi ni za bweni. Kompyuta atakayoiunda itakuwa na fundi mmoja tu, na fundi huyo Julai anapanda basi Msamvu na godoro lake. Wewe ndiye unabaki na ankara.

Hili nalijua kwa mama yangu. Mwaka 2009 nilimuundia kompyuta nyumbani Tanga, ikawaka, nikaondoka kwenda chuo nikiwa na furaha. Niliporudi likizo niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye pindo la maua, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mama akaniambia ilianza kulia tii, tii, tii, akaizima asije akaiharibu zaidi, na hakutaka kunipigia simu wakati wa mitihani. Nilifungua ubavu, nikachomoa kijiti cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikakirudisha na kukikandamiza mpaka vishikizo vikalia tak. Ikawaka. Haikuchukua dakika mbili. Miezi saba mama alikaa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa kasoro ya dakika mbili, kwa sababu nilimwachia mashine bila kumwonyesha ndani kuna nini. Tangu hapo mtu akiniuliza aunde au anunue, mimi kwanza namuuliza ni nani atakuwepo nyumbani siku itakapogoma.

Sasa daftari. Kijana, hapa nasema na wewe. Ryzen 5 5600 ni prosesa nzuri, lakini ndani yake haina grafiksi, yaani sehemu inayotoa picha kwenye skrini. Yenye grafiksi ni 5600G. Tofauti ni herufi moja nyuma ya namba. Ungeunga kila kitu sawasawa, waya wa HDMI ungeingia kwenye tundu la madabodi bila shida, feni zingezunguka, taa zingewaka, na TV ingebaki nyeusi ikisema hakuna mawimbi. Nimeshaitwa kwenye nyumba mbili kwa tatizo hilohilo, na zote mbili nilikuta vijana wameshafungua na kufunga mashine usiku kucha wakidhani wameunguza kitu. Kwa Intel, angalia herufi F mwishoni mwa namba: hizo ndizo zisizo na grafiksi.

RAM kwa 160,000 ni bei ya kwenye video za zamani. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana dunia nzima, kwa kuwa viwanda vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Ulizia leo dukani, uandike bei ya leo. Hii peke yake inaipa nguvu mashine iliyotumika, kwa sababu RAM imo ndani tayari.

Pawa saplai inayokuja na kasha ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko vyote. Kazi yake ni kupokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12 na pungufu, safi, bila kuruka. Ya bei ya chini sana ikifa, huweza kuondoka na madabodi na SSD, ile diski ya kuhifadhia kazi. Kwenye orodha yako feni za taa na kibodi ya taa zimechukua 160,000, wakati kifaa kinacholinda vyote kimeingia kama nyongeza ya kasha. Ukija kuunda siku moja, geuza hesabu hiyo.

Halafu kuna vitu ambavyo havimo kabisa. Hakuna monita, na TV ya sebuleni saa mbili usiku ni ya taarifa ya habari. Hapo ankara za mama zinasubiri. Hakuna leseni ya Windows. Hakuna UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Baki ya mama yako ni 260,000, na ukitoa UPS na monita haitoshi.

Dada, narudi kwako, na hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu jambo hili watu wengi hulirukia. Kompyuta ya nyumbani unaanza kuihesabu ukutani. Lile duka huenda lilikuonea, huenda lilisema kweli. Vyovyote iwavyo, mashine mpya inakwenda kuchomekwa kwenye tundu lilelile. Jiulize: pasi ya karakana na laptopu ile vilikuwa kwenye ekstensheni moja? Pasi inavuta wati 1,000 na zaidi, na kila inapojiwasha na kujizima, umeme kwenye ekstensheni ile unashuka na kupanda. Umeshawahi kugusa chuma cha cherehani cha umeme, au skrubu ya laptopu ikiwa kwenye chaji, ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole? Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba waya wa eathi haufanyi kazi, au mtu ametumia plagi ya miguu miwili mahali pa mitatu. Kabla hujanunua chochote, mwite fundi umeme apime eathi ya nyumba na akuwekee tundu la kompyuta peke yake, mbali na pasi. Mtengee 80,000.

Halafu UPS. Ya 650VA inatosha, tenga kama 200,000. Usidanganyike kwamba ni wati 650. Nyingi za ukubwa huo hubeba chini ya wati 400. Kwako si tatizo, maana Dell hiyo na monita yake kwa kazi za kuandika hula kama wati 60, kwa hiyo TANESCO wakikata una robo saa au zaidi ya kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Kuhusu LUKU usiogope: wati 60 kwa saa tano ni uniti 0.3 kwa siku, kama uniti 9 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la mwisho uniti 75, ziingize tu kwenye hesabu. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Inabadilishwa yenyewe, hununui UPS nyingine. Na pasi isichomekwe humo hata siku moja.

Kwa nini ile ya mnara wakati nyembamba ni nafuu kwa 100,000? Kwa sababu ya kijana. Nyembamba inapokea kadi fupi tu, na ndani mikono haiingii. Ya mnara ina nafasi ya diski ya pili, na baadaye inaweza kupokea kadi ya grafiksi ya kawaida, ilimradi ni ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, inayotosheka na wati 75 za kwenye tundu lake. Ukweli wa upande wa pili ni huu: pawa saplai ya Dell hizi ni ndogo, haifiki wati 300, na plagi zake si zile za kawaida za madukani. Ikifa unatafuta ya modeli ileile. Hata hivyo maofisi yameziachia kwa wingi, na wanaouza mashine hizi Kariakoo huuza na vipuri vyake.

Kwa kazi zenu inatosha. I5-8500 ina koa sita, yaani kama prosesa sita ndani ya moja, na grafiksi iliyomo ndani inajua kusoma na kufunga video za H.264 na HEVC, miundo ya kawaida ya video, bila kuielemea prosesa, kwa hiyo sendofu ya kawaida itahaririwa. Atumie Kdenlive au Shotcut, zote ni bure. DaVinci Resolve ni nzuri, ila bila kadi ya grafiksi yenye nguvu itamtesa. Na wewe kwa nembo, pakua Inkscape na nyongeza yake iitwayo Ink/Stitch. Ni bure, unachora nembo, inageuza kuwa mishono, na unampelekea mwenye mashine ya kudarizi faili la DST au PES. Hapo utabaki kumlipa kudarizi tu. Hili jambo kwa mtu wa sare ni kubwa, usiliache.

Mwambie mdogo wako asikubali namba pungufu. Windows 10 iliishiwa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai prosesa kuanzia kizazi cha nane. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-8500 ni cha nane, i5-4570 ni cha nne. Stika ya "i5" peke yake haisemi kitu, na zote mbili huwekwa kwenye meza moja.

Siku ya kununua nendeni wewe na kijana, kwa treni ya SGR. Mkifika dukani, mwachie yeye meza. Aiwashe huku akibonya F2. Isipodai nenosiri, ataingia kwenye mipangilio ya ndani na kusoma prosesa na RAM kama zilivyo. Ikidai nenosiri, iacheni hapohapo, hiyo imefungwa na kampuni iliyokuwa nayo na hamtaifungua. Anakili Service Tag iliyo kwenye stika, aiingize kwenye tovuti ya Dell, atapata mwaka na vifaa iliyotoka navyo. Kwenye Windows aangalie kama leseni imewezeshwa. Mashine nyingi za ofisi leseni yake imo ndani ya mashine, na hapo umeokoa hela. Aweke programu ya bure ya CrystalDiskInfo kwenye flashi, asome afya ya SSD. Halafu acheni video icheze nusu saa mkiwa mmekaa, msione aibu. Kabla ya kufunga, afungue ubavu ahesabu vijiti vya RAM kwa macho yake, na mkiondoka viwe vilevile mlivyovihesabu. Risiti iwe ya EFD, na siku za waranti ziandikwe kwa kalamu na kugongwa mhuri. Neno la mdomo ulishaliona lilikofika.

Shemeji hajakosea kabisa: laptopu ina betri yake, umeme ukikatika haizimi. Lakini mpya ya 900,000 aikague kabla ya kuisifia. Nyingi za bei hiyo zina prosesa dhaifu, Celeron N4020 au N4500, RAM GB 4 iliyochomelewa isiyoongezeka, na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya GB 64. Ndani ya mwaka nyumba nzima mtakuwa mnaisubiri ifungue faili.

Hesabu yako: mashine 650,000, monita 150,000, UPS 200,000, fundi umeme 80,000, kibodi na mausi za kawaida 40,000. Ni 1,120,000. Kwenye 680,000 inayobaki, toa nauli, SSD ya pili ya kijana, na diski ya nje ya kunakilia vipimo na ankara zako kila Ijumaa. Kinachosalia kitunze. Kijana angekuwa anabaki nyumbani, monita na UPS vikawa vipo, na kazi ya video ikawa ya kila wiki, ningesema aunde na ningemsaidia kupanga orodha. Bado inawezekana akimaliza kidato cha sita.

Umeniuliza umwambieje. Mwambie kwamba orodha yake ndiyo iliyokufanya uulize, na hiyo ni kweli. Kisha mpe kazi mbili zilizo zake. Ya kwanza, SSD ya pili ataifunga yeye, na video zake zitakaa humo. Ya pili ni kubwa zaidi: kabla ya Julai akufundishe wewe. Mchomoe waya ukutani, mbonye kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe, aguse chuma cha kasha, afungue ubavu. Halafu akae pembeni, mikono nyuma. Uchomoe RAM wewe, uirudishe wewe, mpaka usikie vishikizo vinalia. Akuonyeshe ile betri ya duara, CR2032, ambayo ikiisha saa ya kompyuta inarudi nyuma. Akuonyeshe feni na namna ya kuipangusa vumbi la vitambaa kwa brashi ya rangi iliyo kavu, kwa kuwa karakana yako itaijaza nyuzi kila mwezi. Na mdogo wake wa kidato cha pili awe amekaa hapo hapo, maana mwaka huu wote fundi wenu ni yeye.

Mkishafunga na kuiwasha, kijana aendelee kuandika, wewe zima swichi ya ukutani inayolisha UPS. Hesabuni dakika mpaka ianze kulia kwa haraka, iwasheni tena, na muandike dakika hizo na tarehe kwenye plasta, muibandike ubavuni mwa kasha.